Pumzi ya Rubani

Msomaji, kama wakaa Majengo, au umewahi kupita katika vichochoro vya mtaa huo wa Mombasa, bila shaka umemwona mchomeleaji wa vyuma kazini. Kando yake husimama mitungi miwili mirefu, na kutoka kila mtungi hutoka mpira mmoja uendao mpaka mkononi mwake. Mtungi mmoja una gesi iwakayo. Wa pili una oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa ambayo kwayo moto huwaka na mwanadamu huishi. Ukaribie mtungi huo wa pili kwa mikono iliyojaa grisi, naye atakufukuza. Usimdhanie kuwa ni mkali bure. Oksijeni iliyoshindiliwa ndani ya chuma ikikutana na mafuta huweza kuwaka kwa ghafula pasipo kiberiti wala cheche.

Oksijeni hiyo hiyo ndiyo ivutwayo na rubani apaapo juu sana. Tofauti ni mbili tu. Ya rubani sharti iwe kavu kabisa, kwani huko juu, ambako baridi hupita nyuzi 40 chini ya sifuri, tone dogo la maji huganda na kuziba tundu la vali. Tena mtungi wake sharti uwe na maandishi: ulipimwa lini, ulipimwa na nani, na zamu yake ya kupimwa tena itafika lini. Nataka tuifuate historia ya kazi hiyo ya kupima na kutengeneza, kazi ambayo serikali nyingi huwapa mafundi kwa mkataba, na ambayo katika vita vya pili vya dunia ilifika karibu sana na milango ya Majengo.

Lakini kwanza hatuna budi kwenda Ufaransa. Tarehe 15 Aprili 1875 wanaume watatu, Gaston Tissandier, Joseph Crocé-Spinelli na Théodore Sivel, walipaa kwa puto lililoitwa Zénith. Walichukua oksijeni katika mifuko, kwani mtaalamu Paul Bert alikwisha onyesha kuwa hewa nyembamba ya juu haimtoshi mtu. Bert mwenyewe aliposikia kiasi walichochukua aliandika barua ya kuwaonya kuwa hakitoshi. Barua ilichelewa, puto likaondoka. Walipofika juu ya mita 7,000 walilegea, mikono ikakataa kuinuka, na mipira ya oksijeni iliyoning'inia mbele ya nyuso zao hawakuweza kuishika. Puto liliposhuka, Crocé-Spinelli na Sivel walikuwa maiti. Tissandier alipona, akasimulia jambo la ajabu: katika saa ile ya hatari hakuona maumivu wala hofu, bali aliona furaha moyoni.

Tuitazame furaha hiyo, maana ndiyo shina la habari yetu. Mtu akizibwa pua na mdomo hupigana kama samaki aliyetolewa majini. Huo si ukosefu wa oksijeni umsumbuao, bali ni ile hewa chafu ambayo mwili umeitengeneza na haina pa kutokea. Mwili wetu una mlinzi wa hewa chafu aliye macho daima. Mlinzi wa oksijeni amelala nusu. Angani hewa chafu hutoka kwa kila pumzi kama kawaida, kwa hiyo mlinzi hapigi kelele, na mtu huendelea kupungukiwa huku akijiona hodari. Juu ya kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, nguvu ya hewa ni takriban nusu ya ile ya ufukwe wa Mombasa. Katika mita 10,700, njia ya kawaida ya ndege kubwa za abiria, haifiki robo. Rubani akikosa oksijeni huko ana muda wa nusu dakika hadi dakika moja ya kufanya jambo la maana; baada ya hapo macho yake yatakuwa wazi, lakini akili haimo.

Basi fikiri, msomaji. Breki ya gari ikiharibika dereva huhisi mguuni. Tanga likichanika nahodha huona. Chombo cha oksijeni kikiharibika, yule akitumiaye ndiye wa mwisho kujua, na aghalabu hajui kabisa. Shahidi wake ni mmoja tu, naye amebaki chini: fundi aliyekifungua chombo kile, akakisafisha, akakipima, akatia sahihi.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 5 Aprili 1942 ndege za Kijapani ziliupiga mji wa Colombo katika kisiwa cha Ceylon, na siku nne baadaye bandari ya Trincomalee. Manowari za Kiingereza za Bahari ya Hindi, zikiongozwa na Admirali James Somerville, hazikuwa salama tena huko, na katika muda mfupi Kilindini ikawa kituo chao kikuu. Kisiwa kikajaa mabaharia. Shule ya Allidina Visram ilichukuliwa na wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani, nao wakakaa humo wakisikiliza simu za upepo za adui. Ng'ambo ya Makupa, kule Port Reitz, wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini walijenga kiwanja cha ndege, na tangu 1942 hadi 1944 kikatumiwa na ndege za jeshi la maji. Pale Kipevu zilitua Catalina, ndege kubwa zenye tumbo la mashua, ambazo ziliweza kukaa angani mchana kutwa na zaidi zikizitafuta nyambizi.

Haifai kutia chumvi. Catalina zilifanya kazi yao chini chini juu ya bahari, na si kila siku zilihitaji oksijeni. Walioihitaji zaidi ni marubani wa ndege za kivita zilizobebwa na manowari, kama zile zilizopigana Madagascar mwezi wa Mei 1942, ambao huenda wakapaswa kupanda juu upesi kumkabili adui. Lakini ndege ya vita huwekwa tayari kwa lile liwezalo kutokea. Na haja ya utayari ilikuwa kubwa. Mwezi wa Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini katika msafara wa meli za askari kwenda Ceylon. Tarehe 12 mwezi huo nyambizi ya Kijapani iliizamisha karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa Afrika Mashariki.

Ni nani waliozitengeneza ndege za Port Reitz? Ufundi wenyewe ulishikwa na mabaharia waliofunzwa Uingereza. Mwafrika katika kituo cha kijeshi cha siku zile kwa desturi aliajiriwa kuchimba, kubeba na kusukuma. Sehemu kubwa ya watu hao, pamoja na makuli wa bandarini na wafanyakazi wa reli, walilala Majengo. Mtaa huo ulikua nje ya Mji wa Kale watu walipozidi. Nyumba zake zilijengwa kwa namna ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba vikitazamana, paa la makuti, na mwenye nyumba mara nyingi hakuwa mwenye ardhi. Vita vilipoleta kazi vilileta na wapangaji. Kodi ikapanda, bei ya chakula ikapanda, mshahara ukajikongoja nyuma. Mtu aliweza kuukesha usiku akisogeza mali ya mamilioni bandarini, na asubuhi akarudi chumbani alikolala na wenzake watano.

Deni hilo lilidaiwa baada ya vita. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliacha kazi, wakaisimamisha bandari, reli, mahoteli na hata majumba ya mabwana kwa muda wa siku 12. Mikutano yao mikubwa ilifanywa Majengo, katika uwanja uliojulikana kwa jina la Kiembeni, na humo kikazaliwa chama ambacho Chege Kibachia alikuja kuwa kiongozi wake. Kibachia alikamatwa na kuhamishwa mwaka ule ule. Waandishi wengi huiandika habari ya mgomo huo kama habari ya mshahara, nao hawakosei. Mimi naona ndani yake jambo jingine pia: watu hawa walikuwa wameishi miaka mitano kando ya mashine bora za dunia, na serikali iliyowaajiri haikuona haja ya kuwafundisha zaidi ya kuzisukuma.

Kidogo kidogo mlango ulifunguka. Mwaka 1951 kilipokea wanafunzi wake wa kwanza Chuo cha Waislamu cha Mombasa, kilichojulikana kwa kifupi kuwa MIOME, kilichojengwa Tudor, si mbali na Majengo, kwa fedha za Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, Mabohora na Serikali ya Uingereza. Humo vijana walifundishwa uhandisi na ubaharia. Mwaka 1966 kikawa chuo cha ufundi cha watu wote, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Huenda wauliza: kuna ufundi gani katika mtungi na mpira? Upo, na wataka subira. Mtungi wa ndege ukifika karakanani hutolewa oksijeni yote, kisha fundi husoma tarehe zilizogongwa begani pake, maana mitungi mingi hupimwa kila baada ya miaka 5, na yenye chuma chembamba hupimwa mapema zaidi. Huangalia mikwaruzo na kutu nje, hutia taa ndogo na kutazama ndani. Halafu huujaza maji, akayashindilia kwa nguvu iliyozidi ile ya kazi yake ya kila siku. Maji ndiyo yatumiwayo, wala si hewa, kwa sababu maji hayabanwi; mtungi dhaifu ukipasuka hutoa maji na kunyamaza, hali hewa ingeurusha kama kombora. Chuma kikisukumwa hivyo hutanuka kidogo mno, na nguvu ikiondolewa hurudi. Kiasi kisichorudi hupimwa kwa uangalifu. Kwa sheria itumikayo Marekani, kisichorudi kikizidi sehemu moja katika kumi ya mtanuko wote, mtungi huo umechoka, nao huharibiwa ili mtu mwingine asije akautumia kwa kutojua. Uliofaulu hukaushwa kwa hewa ya moto mpaka unyevu wote utoke.

Kazi ngumu zaidi ni ya kile kifaa cha kuigawa hewa, ambacho mafundi hukiita regyuleta. Ndani yake mna kiwambo chembamba cha mpira, mfano wa ngozi ya ngoma. Rubani avutapo pumzi kiwambo huingia ndani, husukuma kijiti, kijiti hufungua vali, oksijeni hupita. Aachapo kuvuta, vali hujifunga. Kiwambo kikikauka na kupata ufa wa unywele, au vumbi likakaa kwenye kiti cha vali, rubani atapata pungufu na hatajua. Kwa hiyo kifaa hufunguliwa chote katika chumba kisicho na vumbi, huoshwa kwa dawa isiyoacha mafuta, vipande vya mpira hutupwa na vipya hutiwa, kisha huwekwa katika sanduku linyonywalo hewa mpaka ndani yake pawe kama juu ya mawingu, na fundi huangalia vipimo: mita 3,000, mita 6,000, mita 9,000. Vyombo vya kazi hiyo havichanganywi na vya injini. Mikono huoshwa kama ya mwenye kutaka kutawadha. Mwisho huandikwa kikaratasi chenye namba ya chombo, tarehe, na sahihi.

Hapo ndipo mkataba uingiapo. Hata kabla Uingereza haijaanza kupigwa kutoka angani mwaka 1940, serikali yake ilikwisha ona kwamba jeshi peke yake haliwezi kuzitengeneza ndege zote zitakazoumizwa. Ikaunda mpango wa kuwatumia mafundi raia katika viwanda na karakana, ikiwalipa kwa mikataba. Katika vita vya majira yale ya joto karibu theluthi ya ndege zilizopelekwa kwa marubani wa kivita hazikuwa mpya, bali zilikuwa zimetoka kutengenezwa. Huo ulikuwa ushindi wa mafundi.

Walakini mkataba wa namna hii una ugumu wake. Serikali ikinunua mahindi huweza kupima magunia. Ikinunua matengenezo ya regyuleta hununua kitu kisichoonekana, kwani kifaa kilichotengenezwa vema na kilichopanguswa tu kwa kitambaa hufanana mezani. Ukimlipa fundi kwa idadi ya vifaa, wamtia haraka. Ukimlipa gharama zake zote pamoja na faida juu yake, wampa sababu ya kukawia. Waingereza walijaribu kuiponya shida hiyo kwa wakaguzi. Tangu 1913 walikuwa na idara maalum ambayo watu wake walikaa ndani ya viwanda vya watu na kuikagua kazi kabla haijapokewa. Dawa hiyo husaidia. Haiponyi kabisa, maana mkaguzi hawezi kusimama nyuma ya kila bega.

Mfano ulio mchungu ulitokea Marekani, nao haukuwa wa jeshi bali wa abiria. Mwaka 1996 kampuni ya ndege ya ValuJet ilikuwa imeikabidhi kampuni nyingine, SabreTech ya Miami, kazi ya kuzitengeneza baadhi ya ndege zake. Ndani yake mlitolewa vichupa vya oksijeni ya abiria vilivyopita muda. Vichupa vya aina hiyo havina gesi. Vina dawa ambayo ikichochewa hutoa oksijeni pamoja na joto kali. Kadi ya kazi iliagiza kila kimoja kivikwe kofia ya usalama. Kofia hazikuwapo. Kadi ikatiwa sahihi kana kwamba zimevikwa. Vichupa vikatiwa katika maboksi matano, vikaandikwa kuwa ni vitupu, vikapakiwa katika tumbo la ndege ya abiria. Tarehe 11 Mei ndege hiyo iliungua angani ikaanguka katika vinamasi vya Florida, na watu wote 110 waliokuwamo walikufa.

Na sisi je? Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi tarehe 1 Januari 1946, mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, likiwa na ndege sita ndogo za mbao na kitambaa, zenye mabawa mawili mawili kila upande. Hizo ziliruka chini, na abiria alivuta hewa ile ile waliyovuta ng'ombe wa nyikani. Mambo yaligeuka mwaka 1960 shirika lilipopata Comet, ndege ya jeti ipitayo juu ya mawingu. Katika ndege ya namna hiyo hewa husukumwa ndani mpaka abiria ajione yuko mahali penye kimo cha mita 2,400 hivi, yaani juu kuliko Nairobi. Lakini dirisha likipasuka au pampu ikikataa, oksijeni ya mitungi ndiyo tumaini lililobaki. Kwa hiyo karakana ya Embakasi, kwenye kiwanja kilichofunguliwa 1958, ililazimika kuwa na watu wa kazi hii, na vijana wa Kiafrika wakaingia kujifunza. Jeshi la Anga la Kenya, lililoundwa 1964, nalo lilipopata jeti za kivita katika miaka ya 1970 lilihitaji ufundi huo huo, kwa barakoa ya kila rubani.

Fahari kubwa ya shirika ilikuwa ndege tano za Super VC10, za kwanza zikifika mwaka 1966. Moja yao, yenye alama 5H-MOG, iliyoletwa mwaka 1970, ilikuwa VC10 ya mwisho kuundwa duniani. Moja nyingine iliteketea Addis Ababa mwaka 1972. Kisha serikali zetu zikagombana juu ya fedha na madeni, na mwanzoni mwa 1977 shirika likafa. Shirika jipya la Kenya likaanza kuruka mwezi wa Februari, nayo Tanzania ikaanzisha lake mwezi wa Machi. Ndege nne za VC10 zilizobaki zilirudi kwa waliozitengeneza.

Wengi hufikiri kwamba ndege hizo zilikwisha pamoja na shirika. Sivyo. Serikali ya Uingereza ilizinunua, ikawapa mafundi wa Filton, karibu na Bristol, mkataba wa kuzifungua na kuzifanyiza upya kuwa matangi ya kuwajazia mafuta marubani wa kivita wakiwa angani. Zikapakwa rangi ya jeshi na kupewa namba mpya. Ndege kama hizo zikiruka, mitungi yake ya oksijeni huteremshwa kwa zamu, hujazwa maji, hupimwa, hukaushwa na kutiwa sahihi, mwaka baada ya mwaka. Miaka 36 baada ya shirika letu kufa, baadhi yake zilikuwa bado hewani. Ile 5H-MOG, ambayo Waingereza waliiita ZA150, ilitua kwa mara ya mwisho katika kiwanja cha Dunsfold, kusini mwa London, tarehe 24 Septemba 2013.